Kazi Inayoachwa Nusu kwa Makusudi

Leo tunaingia maabara ya kemia, lakini tutatokea chumba cha upasuaji. Mada yetu ni hidrojeli za tiba, na hasa zile polima zinazotumika kuzitengeneza.

Hidrojeli si mgeni nyumbani kwako. Mtoto akivalishwa pampasi, mkojo wake hunyonywa na punje nyeupe za sodiamu poliakrilati. Punje hizo zikivimba huwa vipande laini vinavyoteleza, na hata ukivibinya maji hayatoki kirahisi. Jirani yako anayevaa lenzi laini za machoni, naye amevaa hidrojeli. Siri ni moja: minyororo mirefu ya molekuli zinazopenda maji imefungwa pamoja kwa mafundo, ikawa wavu. Maji huingia na kuuvimbisha wavu, lakini mafundo hayauachi uyeyuke. Mwili wetu wenyewe una tishu za namna hiyo, kama gegedu ya goti, au konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ndiyo maana watu wa tiba waliipenda hidrojeli tangu ilipozuka.

Kwa kawaida husifiwa jeli iliyokwisha kukamilika: jinsi ilivyo laini, jinsi inavyokubaliana na mwili. Mimi leo namsifu mkemia anayejua kutokamilisha. Polima zenye thamani kubwa katika fani hii ni zile alizoziacha nusu kwa makusudi, ili zimaliziwe ndani ya mwili wa mgonjwa. Nitadai pia kwamba kuzigandisha si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kutoa hesabu ya kila kilichobaki baada ya kuganda.

Tuanze na kemia kidogo. Chukulia kwamba atomi ya kaboni ina mikono minne. Kila mkono ukimshika jirani wake, kaboni hiyo imeshiba: imetulia, haina haja na mtu. Lakini kuna mahali kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili. Hapo molekuli haijashiba, kwa sababu mmoja wa mishiko hiyo miwili ni dhaifu. Ukiachiwa, kila kaboni inabaki na mkono wa kumshika mgeni. Anayeuachisha ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali inaikamata kaboni ya kwanza, na kaboni ya pili, ikibaki na mkono mtupu, inakuwa radikali nayo. Inaikamata molekuli inayofuata, na hiyo inaikamata nyingine. Kufumba na kufumbua mamia ya molekuli yamekwisha kuungana. Kuanzia hapa, nikisema mshiko maradufu, nakusudia mahali hapo pasiposhiba.

Mmoja wa walioisogeza kemia hii hadi kwenye mwili wa binadamu ni Mcheki, Otto Wichterle, aliyezaliwa mwaka 1913. Mwaka 1952 alikuwa safarini kwa treni, akamkuta abiria mwenzake anasoma habari za kiungo bandia cha jicho kilichotengenezwa kwa metali. Wichterle akaona kwamba metali si stahili ya mahali pale; ingefaa plastiki inayobeba maji. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím, wakiwa Prague, wakachukua monoma, yaani molekuli ndogo ya kujengea mnyororo, iitwayo hidroksiethili methakrilati, kwa kifupi HEMA. Upande mmoja ina mshiko maradufu, upande wa pili ina kikundi kinachopenda maji. Wakaongeza kiasi kidogo cha molekuli yenye mishiko maradufu miwili, ili ifunge mafundo kati ya mnyororo na mnyororo. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1960: jeli angavu ambayo karibu asilimia 40 ya uzito wake ni maji.

Hapo likaja tatizo la umbo. Lenzi zilizotoka katika kalibu za kawaida zilikuwa na kingo mbovu, na wizara ikaamua kusitisha mradi. Wichterle akauhamishia nyumbani kwake. Mkesha wa Krismasi mwaka 1961, akitumia vipande vya Merkur, seti ya vyuma vya kuchezea vya watoto wake, aliunda mashine ndogo ya kuzungusha kalibu, ikiendeshwa kwa dainamo ya baiskeli. Kalibu ikizunguka, monoma iliyo majimaji husukumwa kuelekea pembeni na kujichonga yenyewe uso wa lenzi huku ikiganda. Alasiri ile zikapatikana lenzi 4. Mashine iliyofuata iliendeshwa kwa mota ya gramafoni. Baadaye hatimiliki ziliuzwa Marekani, na mwaka 1971 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ikaruhusu kampuni ya Bausch & Lomb kuuza lenzi laini. Mvumbuzi mwenyewe aliambulia sehemu ndogo mno ya mapato.

Katika kisa cha Wichterle kuna jambo ambalo wengi hulipita. Kwake yeye kila kitu kilimalizikia kwenye kalibu. Lenzi iliganda, ikaoshwa, masalia ya monoma yakatolewa, ndipo ikawekwa jichoni. Monoma mbichi haikukutana kamwe na jicho la mtu.

Daktari wa upasuaji anataka kitu kingine. Anataka kimiminika cha kupita kwenye sindano, kiingie kila ufa wa jeraha, kisha kigande pale pale. Ukimpa monoma mbichi za kumimina kwenye kidonda, umemuumiza mgonjwa mara mbili. Kwanza, molekuli ndogo zisizoshiba hupenya kwenye seli na kushikana na protini zake. Mshiko ule ule unaotengeneza jeli hauchagui wa kumshika. Pili, kuna joto. Kila moli moja ya mishiko maradufu ya methakrilati ikifunguka hutoa kilojuli 50 na zaidi. Madaktari wa mifupa wanalijua joto hilo. Saruji ya mifupa, ambayo John Charnley aliieneza Uingereza katika upasuaji wa nyonga, ni methakrilati inayoganda ndani ya mwili, na inapoganda huwa ya moto kwelikweli.

Dawa ya matatizo hayo mawili iligunduliwa kwa kugeuza mpangilio wa kazi. Badala ya kumpelekea mgonjwa molekuli ndogo nyingi, mkemia anaujenga mnyororo mrefu kwanza, ndani ya chupa ya maabara, na kuacha mishiko maradufu michache tu, mara nyingi mwanzoni na mwishoni mwa mnyororo. Molekuli kubwa haipenyi kwenye seli kirahisi. Mishiko ikiwa michache kwa kila gramu, joto nalo ni dogo. Kilichobaki kufanywa mwilini ni kufunga mafundo tu.

Tuone inavyofanywa. Polima inayotumika sana ni poliethilini glaikoli, PEG, ukoo ule ule ulio katika baadhi ya dawa za kulainisha choo. Ni unga mweupe, na kila mnyororo una kikundi cha haidroksili kila upande. Kazi ni kuvibadili vikundi hivyo kuwa akrilati, yaani kuvipa mshiko maradufu. Kwanza maji yote yaondoke, kwa sababu akriloili kloridi, kemikali itakayoingia baadaye, hukimbilia maji kabla ya kuifikia polima. PEG huchemshwa pamoja na toluini, na mvuke wa toluini huondoka na maji. Kisha huyeyushwa katika kiyeyushi kikavu, chupa inawekwa kwenye barafu, na nitrojeni inapitishwa juu yake. Inaongezwa triethilamini ya kuinasa asidi itakayozaliwa. Ndipo akriloili kloridi inadondoshwa tone moja moja, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, maana harufu yake hukaba koo na kutoa machozi. Mchanganyiko unaachwa unakorogwa usiku kucha. Asubuhi chumvi nyeupe imejitenga, inachujwa. Kilichobaki kinamiminwa kwenye etha baridi, na polima inaanguka chini kama unga. Inakaushwa, inafungiwa gizani, kwenye friza.

Hatua hizo nyingi ni za kuzuia: barafu, tone moja moja, giza, friza. Mkemia anailea polima isije ikajimaliza kabla ya wakati. Hata viwanda vinavyouza akrilati huziwekea kizuizi cha jamii ya hidrokwinoni, na kizuizi hicho kina masharti ya ajabu kidogo. Kile kinachotumika zaidi hufanya kazi kikiwa na oksijeni. Mtu asiyejua akiitoa hewa yote kwenye chupa akidhani anaihifadhi vizuri, ameondoa ulinzi, na kesho anaweza kukuta chupa nzima imeganda.

Polima ikishakuwa tayari lazima ikaguliwe. Katika mashine ya sumaku inayosoma haidrojeni za molekuli, haidrojeni za akrilati hujitokeza kama vilele vidogo kati ya namba 5.8 na 6.5, mbali na kilele kirefu cha PEG kilicho karibu na 3.6. Ukilinganisha ukubwa wa vilele hivyo unajua ni ncha ngapi za minyororo zimepata mshiko na ngapi zimebaki bila. Zikiwa nyingi bila, wavu utakuwa na nyuzi zinazoning'inia, na jeli itakuwa dhaifu. Urefu wa mnyororo nao una lake: mnyororo mfupi hutoa wavu wa matundu madogo na jeli ngumu, mrefu hutoa matundu makubwa na jeli laini inayovimba zaidi.

Sasa twende kwa mgonjwa. Mwaka 1993 Amarpreet Sawhney, Chandrashekhar Pathak na Jeffrey Hubbell, wakiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, walichapisha polima ya PEG iliyounganishwa kila upande na vipande vifupi vya asidi kama ya laktiki, kisha ikamaliziwa kwa akrilati. Vipande hivyo vya katikati ndivyo ufundi wenyewe. Ni vya ukoo wa nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini, na maji ya mwili huvikata polepole. Kwa hiyo wavu ulikuwa na njia ya kuingia na njia ya kutoka. Utafiti wa namna hiyo ulizaa gundi ya mapafu iitwayo FocalSeal, iliyoidhinishwa na FDA mwaka 2000.

Fikiria kazi iliyopewa gundi hiyo. Pafu limekatwa uvimbe na kushonwa, lakini hewa inavuja kwenye matundu ya nyuzi. Pafu lina unyevu, linatanuka na kunywea kwa kila pumzi. Daktari anapaka kwanza kimiminika chenye eosini, rangi ile ile ya waridi ambayo mafundi wa maabara za hospitali hupakia vipande vya tishu kabla ya kuvitazama kwa hadubini. Juu yake anaweka polima, kisha anamulika kwa mwanga wa samawati na kijani. Eosini inaunyonya mwanga na kuzalisha radikali, mishiko inafunguka, na kwa muda usiozidi dakika moja kuna utando unaonyumbuka pamoja na pafu. Jeraha linapona chini yake, maji yanaukata wavu, vipande vinayeyuka na kutolewa mwilini.

Kama umewahi kuziba jino kwa kijazio cheupe, umekwisha kuiona kemia hiyo. Ile taa ya samawati anayokumulikia daktari wa meno inafungua mishiko ya methakrilati. Yeye pia anajua kwamba ngozi ya juu ya kijazio hubaki inanatanata, na lazima aisugue. Sababu ni oksijeni ya hewani, inayozikamata radikali kabla hazijaikamata molekuli inayofuata. Kwenye jino tatizo hilo linasuguliwa likaisha. Kwenye utando mwembamba uliowekwa juu ya tishu, tabaka lisiloganda ni tatizo la kuumiza kichwa.

Njia nyingine ilifunguliwa na Antonios Mikos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston. Wao walijiuliza: kwa nini mshiko maradufu utoke kwa akrilati, ambayo mwili hauijui? Wakachagua asidi ya fumariki. Mwanafunzi yeyote wa biolojia wa kidato cha tano ameshaikuta katika mzunguko wa Krebs, kwa hiyo kila seli inajua la kuifanya. Asidi hiyo ina mshiko maradufu katikati, na vikundi viwili vya kuungia, kimoja kila upande. Ukiiunganisha na propilini glaikoli, unapata poliesta isiyoshiba inayofaa kwa mifupa. Ukitumia PEG badala yake, kama walivyochapisha mwaka 2001, unapata polima inayogeuka kuwa hidrojeli, na mishiko yake imetawanyika mnyororo mzima badala ya kukaa kwenye ncha tu. Jeli hiyo ikioza, mwili unakutana na vitu vingi unavyovifahamu. Mimi hiyo naiona hatua kubwa kuliko kupunguza sekunde za kuganda, kwa sababu wameifikiria njia ya kutokea kabla ya kuingia.

Njia ya tatu inaanza na vilivyo hai. Mwaka 2000 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walichukua jelatini, wakaiyeyusha kwenye maji ya nyuzi 50 hivi, wakaidondoshea methakriliki anhidridi, wakapata jelatini yenye mishiko maradufu. Seli hujishika vizuri kwenye jelatini, na vimeng'enya vya mwili vinajua kuikata, kwa hiyo leo inatumika sana kwa uchapishaji wa tishu. Husafishwa kwa siku kadhaa ndani ya utando unaopitisha takataka ndogo na kuzuia polima, kisha hukaushwa kwa baridi hadi iwe povu jeupe. Lakini hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wetu wengi watataka kulijua mapema: jelatini ya maabara hutoka zaidi kwenye ngozi ya nguruwe au ya ng'ombe. Ipo pia ya samaki, na imekwisha kufanyiwa kazi hiyo hiyo. Siku kiungo cha namna hiyo kitakapoletwa mbele ya mgonjwa wa Unguja au Lamu, asili yake itakuwa swali la kwanza, na ni haki yake kulipata jibu. Mkemia anayelifikiria leo atakuwa amemrahisishia daktari kazi kesho.

Sasa tuje kwenye hesabu niliyoitaja. Polima ikishaganda mwilini, kuna mishiko ambayo haikufunguka. Kuna kianzishi cha mwanga, kama ile eosini, ambacho hakikutumika. Kunaweza kuwa na masalia ya kiyeyushi, na chumvi ya amini iliyoponyoka kwenye chujio. Wichterle aliyaosha masalia yake nje ya jicho. Mkemia wa leo hana nafasi hiyo, kwa kuwa jeli tayari imo ndani. Kwa hiyo usafi wote lazima utangulie. Baadhi ya watafiti wamehamia kwenye mwitikio mwingine, ambapo kikundi chenye salfa kinaungana na mshiko mmoja kwa mmoja, hesabu yake ikiwa rahisi kuifunga na oksijeni ikisumbua kidogo. Ni njia nzuri, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kuhesabu.

Kuna na jambo la kutakasa vijidudu. Vifaa vingi vya hospitali hupigwa mionzi ya gamma. Mionzi hiyo huzalisha radikali, na polima isiyoshiba ikikutana nayo inaweza kuganda ndani ya kichupa, kabla haijamwona mgonjwa. Kwa hiyo kimiminika mara nyingi hupitishwa kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko bakteria, na gharama inapanda. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye vichwa vya habari, lakini ndiyo yanayoamua kitu gani kitafika wodini na kipi kitabaki kwenye makala. Ukitazama vilivyokwisha kufika, ni lenzi, vijazio vya meno, gundi za upasuaji. Viungo vizima vilivyooteshwa ndani ya jeli vinaahidiwa tangu zamani, na bado viko maabara kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo, kwako kijana unayesoma kemia: ukitengeneza polima yako, usije na video ya jeli ikiganda kwa sekunde kumi ukadhani kazi imekwisha. Njoo na karatasi inayosema mishiko mingapi ilibaki, kizuizi kiko wapi, kiyeyushi kimebaki kiasi gani, na kila kipande kitatoka mwilini kwa njia ipi. Na kwenu mnaogawa fedha za utafiti, karatasi hiyo iombeni kabla ya video. Wenye kuiandika vizuri si wengi, na hao ndio wanaostahili kuaminiwa na mwili wa mgonjwa.